Saa sita hadi saa nane: kisa cha mlezi aliyeishiwa subira katika kituo cha kulelea watoto mchana

Kisa hiki kinatoka katika kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo mchana kilichopo pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Kimeandikwa kwa ajili ya wenye vituo, walezi, wakufunzi wa walezi na maafisa ustawi wa jamii, kwa ridhaa ya mwenye kituo, ya mlezi anayehusika na ya mama wa mtoto. Jina la kituo, kata na mwaka vimeondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Mpangilio wa matukio umeachwa kama ulivyokuwa, kwa sababu humo ndimo lilimo somo: mlezi aliyekuwa akisifiwa na wazazi alimwumiza mtoto, walezi wote wakapewa semina ya kukabiliana na msongo, na semina hiyo haikubadilisha jambo lolote la maana mpaka ratiba ya siku nayo ilipobadilishwa. Mimi nilishiriki nikiwa mfuatiliaji wa mafunzo, kazi yangu ikiwa ni kukaa vyumbani, kutazama na kuandika.

Usuli

Kituo kilikuwa kimesajiliwa na kilikuwa na watoto wapatao 40, kuanzia wenye umri wa mwaka mmoja na nusu hadi wanaokaribia kuanza elimu ya awali. Kiliendeshwa katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu vya watoto, jiko la nje na uwanja mdogo uliofunikwa kwa turubai. Mwenye kituo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na wote, wazazi kwa walezi, humwita Mwalimu. Chini yake walikuwapo walezi watano, ambao watoto huwaita anti, pamoja na mpishi mmoja.

Wazazi wengi walikuwa wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo, mama lishe, wauguzi na watumishi wa ofisi za katikati ya jiji. Watoto wa kwanza walifikishwa kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa rasmi ya kufunga ilikuwa kumi na moja na nusu jioni, lakini kwa sababu ya foleni, na zaidi siku za mvua, ilikuwa kawaida kuwaona watoto watatu au wanne bado wamekaa barazani baada ya magharibi wakiwasubiri wazazi wao. Aliyebaki nao alikuwa mlezi yuleyule aliyefungua geti alfajiri.

Walezi wawili kati ya watano walikuwa na cheti cha malezi na makuzi ya awali ya mtoto, na waliobaki walijifunzia kazini. Wote walikuwa wamewahi kuhudhuria mafunzo mafupi ya usafi, lishe, huduma ya kwanza na utengenezaji wa vifaa vya kuchezea kwa makopo na vitambaa. Nilipowauliza kama waliwahi kufundishwa lolote kuhusu hisia za mlezi mwenyewe, mmoja alijibu kwamba alifundishwa kuziacha nyumbani. Watatu kati yao walikuwa na watoto wao wenyewe wa chini ya miaka mitano, ambao huwaacha kwa bibi au kwa jirani ili waje kulea wa wenzao.

Siku yenyewe

Tukio lilitokea mwezi wa Februari, wakati joto na unyevu wa pwani viko juu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na mafeni hayakuzunguka. Mlezi wa chumba cha kati aliacha kazi mwishoni mwa Januari na nafasi yake haikuwa imejazwa, kwa hiyo mlezi wa chumba cha wakubwa alikuwa akivishika vyumba vyote viwili. Wakati wa usingizi wa mchana watoto wa vyumba hivyo walilazwa pamoja, zaidi ya ishirini, magodoro yakigusana.

Mtoto mmoja wa kiume, wa karibu miaka mitatu, alikuwa katika wiki yake ya pili kituoni. Hakuwa amezoea kulala mbali na mama yake, akawa analia kwa sauti ya juu na kuwaamsha wenzake. Mlezi alimbembeleza mara ya kwanza, akamlaza. Akalia tena, akambeba, akamlaza. Mara ya tatu, watoto watano au sita wakiwa wamekwisha kuamka na wawili kati yao wakilia pia, alimvuta mkono kwa nguvu, akamfokea, akamwingiza katika stoo ya magodoro na kufunga mlango. Mpishi alisikia kilio kimebadilika, akaacha jiko na kwenda kumtoa. Kwa makadirio yake mtoto alikuwa amekaa stoo chini ya dakika tano.

Jioni mama aliona mtoto anaushikilia mkono wake. Alipouliza aliambiwa huenda ameanguka akicheza. Asubuhi yake mtoto alifika getini akakataa kushuka mgongoni, akalia mpaka akatapika, na mama akaomba kuonana na Mwalimu.

Maamuzi ya siku mbili za kwanza

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumweleza mama ukweli, na haukuwa mwepesi. Mwalimu alihofia kundi la wazazi la WhatsApp, ambako habari moja ingeweza kuondoa watoto kumi kwa usiku mmoja, na kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Aliyelimaliza jambo ni mpishi, aliyesema kwa heshima lakini bila kuyumba: “Mwalimu, mtoto nimemtoa mimi mwenyewe. Mama yake akiniuliza, siwezi kumficha.” Mama akaelezwa kila kitu asubuhi ileile, mbele ya mpishi. Alilia, akakasirika, akasema maneno makali, na alikuwa na haki ya kuyasema.

Baada ya hapo mtoto alipelekwa zahanati akiwa na mama yake, kwa gharama ya kituo. Hili halikuwa la kuonyesha wema tu. Kiwiko cha mtoto wa chini ya miaka mitano huweza kuteguka kwa kuvutwa mkono ghafla, na asiyejua hudhani mtoto anadeka kwa kukataa kuutumia mkono. Kwa bahati njema hakukuwa na kuteguka, bali maumivu ya msuli yaliyopoa baada ya siku chache.

Mwalimu alimjulisha pia afisa ustawi wa jamii wa kata. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, na inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za kukiukwa kwa haki za mtoto kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Wenye vituo wengi huogopa hatua hii wakidhani mwisho wake ni kufungiwa. Katika kisa hiki afisa alikuja, akamsikiliza kila upande, akatoa onyo la maandishi na kutaka mpango wa marekebisho wenye tarehe. Naamini kwamba, kama taarifa ingemfikia kutoka kwa mzazi mwenye hasira badala ya kutoka kwa Mwalimu, mazungumzo yangekuwa ya namna nyingine kabisa.

Uamuzi uliozua ubishi zaidi ulimhusu mlezi. Mwalimu alitaka kumwachisha kazi siku hiyohiyo, na baadhi ya wazazi walitaka vivyo hivyo. Ilikubaliwa kwamba asikae na watoto kwa muda wa wiki mbili, apewe kazi za jikoni na stoo, na mshahara wake usikatwe. Sababu ya kumtoa chumbani ni usalama wa watoto, na hiyo haikuwa na mjadala. Sababu ya kutokata mshahara ilihitaji kuelezwa zaidi ya mara moja: mlezi akijua kwamba kosa litamnyima chakula cha wanawe, kosa la pili litafichwa, naye mpishi wa kesho ataziba masikio. Mlezi wa muda aliletwa kushika chumba cha kati, na vyumba vikatenganishwa tena.

Kusikiliza siku ya kazi

Mwezeshaji wa mafunzo, mwenye uzoefu wa ustawi wa jamii, hakuanza kwa kumuuliza mlezi kwa nini alifanya vile. Swali la namna hiyo huleta ama kilio ama utetezi. Alimwomba aisimulie siku ile saa kwa saa, tangu alipoamka.

Aliamka saa tisa na nusu usiku kumwandalia mama yake mgonjwa uji na dawa. Alipanda daladala mbili, akafungua geti kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Tangu hapo hakukaa chini. Hakwenda chooni mpaka mchana kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwachia chumba. Chai alikunywa nusu kikombe akiwa amesimama. Saa sita aliwalisha watoto wa vyumba viwili, akawanawisha, akawabadilisha nguo waliochafuka, akawalaza. Alipoulizwa mwili wake ulikuwaje kabla ya kumvuta mtoto, alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema masikio yalikuwa yanavuma, meno ameyauma, na mikono ilikuwa ya moto. Alisema dalili hizo zilianza wakati wa kulisha, karibu saa nzima kabla ya tukio, lakini aliendelea kujikaza kwa sababu ndivyo anavyofanya kila siku.

Simulizi hiyo haimwondolei dhamana ya alichofanya, na mwenyewe hakuitumia kujitetea. Kwa anayetaka kuzuia tukio la pili, hata hivyo, ilikuwa na manufaa kuliko karatasi yoyote ya maelezo, kwa kuwa ilionyesha saa ambayo mtu angeweza kuingilia kati na hakuwapo.

Mafunzo ya kwanza

Semina ilifanyika Jumamosi moja, kutwa nzima, kwa walezi wote na mpishi. Mada zilikuwa maana ya msongo, dalili zake, athari zake kwa mtoto na njia za kujituliza: kuvuta pumzi taratibu, kuhesabu, kujiondoa mahali penye hasira, kuzungumza na mtu unayemwamini. Mwezeshaji alifundisha vizuri, walezi walishiriki, na tathmini waliyoijaza jioni ilikuwa ya kutia moyo.

Wiki mbili baadaye nilikaa chumbani siku nne mfululizo kati ya saa sita na saa nane. Walezi waliweza kuzitaja dalili za msongo bila kukosea. Sauti zao katika saa hizo zilikuwa juu kama awali, na maneno kama “ukilia tena nakuacha hapa” bado yalisikika. Mlezi mmoja alinieleza kiini cha tatizo kwa sentensi ambayo kila mtayarishaji wa mafunzo angepaswa kuisikia: “Mambo ya kuvuta pumzi ni mazuri, ila nikifumba macho mimi, nani anaangalia watoto?”

Yapo mengine yaliyojitokeza. Jumamosi ni siku pekee ya walezi kufua na kukaa na watoto wao, hivyo semina ya kupunguza msongo ilianza kwa kuwaongezea. Ushauri wa kujiondoa mahali penye hasira haumfai mtu aliye peke yake na watoto ishirini, kwani akiondoka anavunja kanuni ya kwanza ya usalama. Na ushauri wa kuzungumza na mtu haukusema azungumze na nani, saa ngapi.

Mafunzo yalivyoundwa upya

Mpango wa pili ulikuwa wa wiki sita, vikao viwili vifupi kwa wiki, ndani ya saa za kazi, watoto wakiwa wamelala. Walezi waligawanywa makundi mawili ili wengine wabaki vyumbani. Mada zilipunguzwa hadi stadi tatu zilizorudiwa mpaka zikazoeleka.

Stadi ya kwanza ni kuijua dalili yako ya mapema. Kila mlezi alitafuta ishara ya mwili wake: kwa mmoja mabega yanapanda, kwa mwingine sauti inakuwa nyembamba, kwa mwingine mikono inaanza kufanya kazi haraka mno kiasi cha kumwaga uji. Walezi walisaidiana, maana mara nyingi mwenzako huiona kabla yako.

Stadi ya pili ni kumtuliza mtoto kwa utulivu wako mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hana bado uwezo wa kuishusha hisia kali akiwa peke yake. Huazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu. Walezi walifanya mazoezi ya kuchuchumaa hadi usawa wa macho ya mtoto, kushusha sauti badala ya kuipandisha, na kuitaja hisia anayoiona: “Umemkumbuka mama. Unataka mama. Atakuja tukishakunywa uji wa jioni.” Waliigiza, mmoja akiwa mtoto na mwingine mlezi, na zoezi la kuwa mtoto anayefokewa na mtu aliyesimama juu yake liliwagusa zaidi ya mhadhara wowote. Mmoja aliomba lisimamishwe, na likasimamishwa.

Stadi ya tatu ni kupokezana. Waliafikiana kwamba mlezi akiiona dalili yake anasema “nipokee,” na mwenzake aliye karibu, au mpishi, au Mwalimu mwenyewe, anaingia chumbani papo hapo bila kuuliza sababu. Aliyepokelewa anatoka kwa dakika kumi, anakunywa maji, anakwenda chooni, anarudi.

Hapa ndipo kisa kilipotufundisha jambo ambalo halikuwamo katika mpango. Kwa wiki mbili za mwanzo neno hilo halikutumika hata mara moja. Walezi vijana walieleza faraghani kwamba hawawezi kumwambia mwanamke wa umri wa mama zao, ambaye humpa shikamoo kila asubuhi, aje awapokee kazi. Ingeonekana ni kumtuma. Walezi wakubwa kwa upande wao waliona haya kukiri mbele ya wadogo kwamba wamechoka. Kila mmoja alibaki na mzigo wake kwa adabu njema kabisa. Mwezeshaji hakujaribu kuibishia adabu hiyo. Alimwendea mlezi mzee kuliko wote na kumwomba aanze yeye, nao walikubaliana kwamba atalisema neno hilo kila siku saa saba, achoke asichoke, na atakayempokea ni mlezi mdogo kuliko wote. Mwalimu naye akaanza kulisema akiwa ofisini anapozidiwa na wazazi na simu. Ndani ya siku chache kupokezana kukawa ni desturi ya nyumba, na mdogo akaweza kuomba kwa sababu ameshaombwa.

Ratiba ilivyobadilishwa

Sambamba na mafunzo yalifanyika mabadiliko ambayo kwa macho ya wengi hayana uhusiano na hisia. Chakula cha mchana cha chumba cha kati kilisogezwa mbele kwa nusu saa ili vyumba visilishwe na kulazwa kwa wakati mmoja. Mpishi alipewa nusu saa rasmi ya kusaidia vyumbani, na muda huo ukaondolewa kwenye kazi za jikoni, si kuongezwa juu yake. Mtoto mgeni hakulazimishwa kulala: alipewa mkeka pembeni, kitabu cha picha au kopo lenye vifuniko, na mtu wa kukaa karibu naye.

Suala la wazazi kuchelewa jioni lilileta mjadala. Mwalimu alipendekeza faini kwa kila nusu saa. Mwezeshaji alimweleza uchunguzi wa wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini, uliochapishwa mwaka 2000, uliofanywa katika vituo kumi vya kulelea watoto mjini Haifa nchini Israel. Huko, vituo vilipoweka faini, wazazi waliochelewa waliongezeka, kwa kuwa aibu ya kumsumbua mlezi iligeuka kuwa huduma ya kulipia, na faini ilipoondolewa hali haikurudi kama zamani. Mwalimu aliiacha faini. Badala yake zamu zilipangwa upya ili mlezi wa jioni awe ni yule anayeingia saa nne asubuhi, na katika mkutano wa wazazi mlezi mmoja alieleza, kwa upole, saa anazofika kwake na hali anayomkuta nayo mwanawe.

Matokeo

Ufuatiliaji ulifanyika mwishoni mwa wiki ya sita na tena baada ya miezi mitatu, katika saa zilezile. Kufoka kulipungua kwa kiasi cha kusikika hata uani, na vitisho vya kumwacha mtoto sikuvisikia tena katika siku nilizokaa. Kupokezana kulikuwa kunatumika karibu kila siku, mara nyingi saa saba mchana. Sehemu ya ufuatiliaji iliangukia mwezi wa Ramadhani, na walezi wenyewe, bila kuelekezwa, walipanga waliofunga wasipewe zamu ya kulaza peke yao.

Mlezi aliyehusika alirudi chumbani baada ya wiki mbili, akiwa na mwenzake muda wote kwa mwezi wa kwanza. Aliomba radhi kwa mama wa mtoto ana kwa ana. Mama aliipokea radhi lakini akaomba mwanawe asiwe chini yake, na ombi hilo lilikubaliwa bila mjadala. Mtoto alichukua wiki kadhaa kuzoea. Kwa muda huo alikuwa akikaa jikoni karibu na mpishi aliyemtoa stoo, na kituo kilimwacha akae hapo, mbali na moto, badala ya kumrudisha chumbani kwa nguvu.

Watoto watatu waliondolewa na wazazi wao baada ya habari kuenea. Mlezi mwingine mmoja, kati ya wale wenye cheti, aliacha kazi mwezi wa nne kwenda mahali penye mshahara mkubwa zaidi.

Uchambuzi

Tofauti kati ya semina ya kwanza na mpango wa pili inaelezeka vizuri kwa hoja ya mwanasaikolojia wa Marekani James Gross, aliyeonyesha mwaka 1998 kwamba mtu anaweza kuiongoza hisia yake katika hatua tano: kuchagua hali atakayoingia, kuibadilisha hali hiyo, kuelekeza umakini wake kwingine, kulitazama jambo kwa maana nyingine, na mwisho kuudhibiti mwitikio ambao tayari umeanza. Semina ilimfundisha mlezi zaidi hatua ya mwisho, ambayo ndiyo inayokuja akiwa ameshaishiwa. Tafiti zake zinaonyesha pia kwamba kuzuia hisia isionekane usoni hakuipunguzi hisia mbaya yenyewe, na mwili huendelea kulipa gharama. Kujikaza kwa mlezi huyu tangu saa sita hakukuwa utulivu. Kusogeza chakula kwa nusu saa, kutenganisha vyumba na kupokezana ni kazi ya hatua ya pili: hali inabadilishwa kabla hisia haijafika kileleni.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, linaieleza hali ya kuishiwa kabisa kazini kuwa ni jambo la mazingira ya kazi, na haliiweki katika kundi la magonjwa. Linataja sura zake tatu: uchovu uliopindukia, kujitenga na kazi yako kimoyo, na kuona kwamba huwezi tena kuifanya ipasavyo. Mwenye kituo anayesema “walezi wangu hawana subira” analiweka tatizo ndani ya kifua cha mlezi, wakati sehemu kubwa ya tatizo imo katika daftari lake la zamu.

Sura ile ya pili, ya kujitenga kimoyo, ilitupa funzo ambalo tungeweza kulikosa kabisa. Mlezi wa chumba cha wadogo hakuwahi kufoka na alisifiwa kwa upole. Nilipokaa chumbani mwake niliona anawalisha, anawabadilisha na kuwalaza kwa mikono ya ustadi, lakini kwa muda mrefu hasemi neno, na mtoto anapomtazama na kutoa sauti, uso wake haujibu. Majaribio ya mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 1978, yalionyesha kwamba mama akikaa mbele ya mtoto mchanga kwa dakika chache tu na uso usio na mwitikio wowote, mtoto hujaribu kumrudisha kwa tabasamu na sauti, kisha hugeuza uso na kukata tamaa. Uchovu wa kimya huumiza pia, na hauwezi kugunduliwa na mkaguzi anayesikiliza kelele. Malezi yenye mwitikio ni moja ya nguzo tano za malezi jumuishi ambazo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imejengwa juu yake, na mlezi aliyezimika hawezi kuitoa hata akiwa na moyo safi. Kwake yeye kilichosaidia ni kubadilishana chumba na mwenzake kila wiki, na kuanza tena kuimba wakati wa kubadilisha nepi.

Jambo la kumtanguliza mtoto kabla ya mlezi lilifanyika sawasawa, na mpangilio huo una uzito. Mafunzo ya hisia yakianza kabla mtoto hajatibiwa na mama hajaelezwa ukweli, wazazi watayaona kuwa ni njia ya kumfunika mlezi, nao hawatakuwa wamekosea. Kasoro ilikuwa katika jioni ya kwanza, mama alipoambiwa huenda mtoto ameanguka. Kituo hakikuwa na utaratibu ulioandikwa wa nani anamweleza mzazi jambo baya na kwa muda gani, na pengo hilo lilizibwa na uongo mdogo uliokaribia kuharibu kila kilichofuata. Utaratibu huo sasa umeandikwa na kubandikwa ukutani, pamoja na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto.

Mafunzo hayakugusa mshahara, na mshahara ndio uliomwondoa mlezi mwenye cheti. Zamu ya saa nne imeongeza gharama ambayo Mwalimu anaibeba kwa ada ileile, jambo ambalo sidhani kama linaweza kuendelea kwa mwaka mzima bila wazazi kukubali nyongeza au halmashauri kutafuta namna ya kuvisaidia vituo vidogo vya aina hii. Mlezi aliyeajiriwa mwezi wa tano kujaza nafasi iliyoachwa hakuwahi kuhudhuria kikao hata kimoja. Mlezi mzee amechukua jukumu la kumfundisha kazini, akianza na saa ya kulaza, na katika wiki yake ya kwanza alimtaka alitamke neno la kupokezana kila siku hata kama hajachoka. Mpango wa marekebisho uliokabidhiwa kwa afisa ustawi sasa una kipengele kinachosema mlezi mpya asiachiwe chumba peke yake kati ya saa sita na saa nane kwa mwezi wake wa kwanza, na ukaguzi ujao utaanzia hapo.